Safari ya Pwani ninayopanga na mama kwa simu

Tangu Aprili 2020 nilifika Mombasa mara nyingi, zote nikiwa nimeketi kwenye kochi langu hapa Nairobi. Mchana nilikuwa nikifuatilia kikao cha Wizara ya Afya, nikinakili idadi ya sampuli zilizopimwa, walioambukizwa na waliofariki. Jioni nilimpigia mama simu kule Nyeri, nasi tukafunga safari.

Mama ana miaka 63. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi alichora Bahari ya Hindi ubaoni kwa chaki ya buluu, akiwafundisha watoto wa watu kuhusu pepo za kusi na kaskazi. Bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Tulikuwa tumepatana kwenda Pasaka. Kisha Machi 13 kikatangazwa kisa cha kwanza cha corona nchini, na Pasaka ilipofika, Nairobi na Mombasa zilikuwa zimefungwa, treni ya abiria imesimamishwa, na hata Nyeri sikuweza kwenda. Juni 6, 2020, Rais aliongeza siku nyingine 30. Kilifi na Kwale zilifunguliwa, lakini hilo halikumfaa mtu aliyefungiwa Nairobi.

Basi tunapanga. Mama anataka kiti cha dirishani. Nimemweleza kwamba kutoka Syokimau hadi Miritini ni mwendo wa saa tano hivi, na kwamba njiani tutapita Tsavo, ambako ndovu huonekana wekundu kwa kujipaka vumbi la udongo wa huko. Tukifika, tutaenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kisha tuingie vichochoro vya Mji wa Kale kutafuta mahamri na mbaazi za nazi. Hapo ndipo sisi hugombana, kwa sababu mama ana kisukari. Tumekubaliana hamri moja. Namjua, atasema moja ni la asubuhi.

Mji wa Kale nao ulifungwa kwa mwezi mzima kuanzia Mei 6. Nilipompa habari hiyo, mama aliuliza swali moja tu: "Na wale wauza kahawa wanakula nini?" Marafiki zangu wengi wanaoota kuhusu Pwani siku hizi huota mchanga, madafu na picha za kuweka mtandaoni. Sijasikia hata mmoja akiuliza kuhusu mchuuzi wa kanga, mpiga picha wa ufuoni au kijana anayeosha vyombo hotelini, ambao chakula chao cha jioni hutegemea mgeni aliyefika asubuhi.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa viatu. Mama ana hamu ya kukanyaga maji ya chumvi kwa miguu mitupu. Nikamkatalia. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za miguu, mtu akachomwa na mchanga wa mchana au kukatwa na matumbawe asijue, na kidonda kidogo kikamlaza hospitalini. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, nitoke Nyeri hadi baharini niingie na viatu kama askari?"

Na bado hatujafika kwenye suala lenyewe. Hata barabara zingefunguliwa, amri ingekuwa imeondolewa, kirusi kisingekuwa kimeondoka. Umri wake na kisukari chake vinamweka kwenye kundi ninaloliandika karibu kila wiki, la watu ambao corona huwalemea zaidi. Nimemwambia hatutakwenda wiki ya kwanza, wakati kila mtu atakuwa akikimbilia treni. Hatutavuka Likoni pia, maana ile feri kabla ya janga ilikuwa ikibeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku, bega kwa bega. Tutalala upande wa Nyali, unaofikika kwa daraja, chumba chenye madirisha ya kufunguka, na tutakula nje penye upepo.

"Sawa, lakini ni lini?" akauliza. "Miaka nayo haijafungiwa."

Sikuwa na tarehe ya kumpa.

Juzi amenunua viatu vya plastiki sokoni, vile vya kufunika vidole, akadai ni vya shambani. Katika simu hiyohiyo akataka kujua maji hupwa saa ngapi. Nikamwambia hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila kukicha, kwa hiyo siwezi kumtajia saa kabla ya kujua siku.

"Hilo nimelifundisha," akasema. "Nilitaka kuona kama unalijua."