Hesabu za Owino
Mwaka 1999 redio ya CBS ya Mengo, Kampala nchini Uganda, inayotangaza kwa Kiganda, ilianzisha kipindi cha wafanyabiashara wadogo kiitwacho Nekolera Gyange, yaani najifanyia yangu mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilisaidia kukianzisha, lakini waliokinogesha walikuwa wachuuzi. Mtangazaji alitoka studio akaingia sokoni na kinasa sauti, nasi tukasikia watu tunaofanana nao wakieleza mzigo ulivyowadodea na mkopo ulivyowatoa jasho.

Shangazi yangu aliuza viatu vya mitumba katika soko la Owino, nami nilimsaidia wakati wa likizo. Redio yake ilining'inia kwenye msumari, betri zimekazwa kwa mpira wa baiskeli. Kipindi kikianza, hata mteja anayeomba kupunguziwa bei alisubiri. Siku moja mama mmoja alisimulia jinsi alivyoula mtaji wake pasipo kujua: leo chumvi, kesho karo, mpaka siku ya kununua robota jipya akajikuta hana kitu. Shangazi alimjibu kana kwamba wameketi mkeka mmoja: "Pole mama, hata mimi yamenikuta." Jioni ile alitafuta kopo la pili la mafuta ya Kimbo. Moja likawa la mtaji, moja la nyumbani. Semina hakuwahi kuhudhuria, ila utaratibu ule hakuuacha mpaka alipofunga biashara.

Nilipokuja kufundisha ujasiriamali katika sekondari ya juu, sauti ile ya wachuuzi haikuwamo kwenye somo. Tulikuwa na sifa za mjasiriamali, aina za mtaji, faida na hasara za ubia, na wanafunzi walizikariri kwa ajili ya mtihani wa taifa wa UNEB. Mtoto aliweza kufafanua mzunguko wa fedha vizuri kabisa, asijue mama yake anafanyaje mvua inaponyesha wiki nzima.

Mwaka 2016 ikatoka Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyeuza mahindi na kuwa bingwa wa sataranji. Mtafiti Emma Riley aliwaonyesha filamu hiyo baadhi ya wanafunzi wa Kampala muda mfupi kabla ya mtihani wa taifa, wengine akawaonyesha filamu tofauti. Wa kidato cha nne walioitazama ya Katwe walifeli hisabati wachache kuliko wenzao, ingawa filamu haifundishi hesabu hata moja. Mimi haikunishangaza. Wangu walipoitazama, ubingwa waliushangilia, lakini walichokijadili hadi kengele ni mama yake Phiona anayehangaikia kodi ya chumba. Pale ndipo penye somo. Zile video fupi za simuni za "nilianza na elfu kumi, leo nina gari" zinanikera kwa sababu hiyo: zinaficha nani alikopesha, nani alidhamini, nani alibaki na mtoto.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, ukaweka ujasiriamali na Kiswahili kuwa masomo ya lazima kwa vidato viwili vya kwanza, na kazi za mradi zikaanza kuhesabiwa. Shule zilifungwa karibu mara moja kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Wanafunzi walirudi wakiwa wameuza matunda, barakoa, mandazi. Walikuwa na visa vyao wenyewe.

Siku hizi nawatuma wakarekodi visa vya aina hiyo. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo wanatumia za wazazi wakati wa likizo, kisha tunasikiliza darasani kwa spika ndogo. Muhula uliopita kijana mmoja alileta habari za mama yake anayekaanga chapati Wandegeya. Rekodi ilikuwa nzuri, ila laini mno. Msichana wa dawati la nyuma akauliza: "Mkaa ulipopanda bei, mlikula nini?" Kijana alikuwa amekikata kipande chenye jibu kwa aibu. Nilimwambia akirudishe, maana ndicho darasa linachokihitaji. Humo mama anaeleza alivyosimamisha biashara mwezi mzima, na jirani aliyempa ngano bila riba wala karatasi. Tukaandika yote ubaoni, kilo kwa kilo. Ugomvi ukazuka: ngano ya jirani iingie upande wa mtaji au wa deni? Nusu ya darasa inasema deni. Mama mwenyewe, alipoulizwa, amesema atakuja shuleni kujibu.