Zamu ya Kumshika Mtoto

Tulikuwa watu tisa tuliotoka Temeke alfajiri kwenda harusini Unguja, mdogo kuliko wote mjukuu wangu wa miaka miwili. Nikauliza, nani atamshika botini? "Babu, si sote tupo," wakanijibu. Jibu hilo nalijua; shuleni kwangu zamu ya wote ilikuwa zamu isiyo na mtu. Tena sikuwa nimeisahau Julai 18, 2012, siku meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipozama karibu na Chumbe.

Basi nikaandika zamu kama za bwenini: mama yake nusu saa, kisha shangazi yake, kisha mimi. Walicheka, wakakubali. Jaketi la kuokoa maisha tulilopewa lilikuwa la mtu mzima; lilimfunika hadi magotini.

Zamu yangu ilipofika bahari ilikuwa imechafuka, abiria wanatapika. Nikampakata. Nikasinzia. Nilipozinduka mapaja yalikuwa matupu!

Alikuwa kwa binti wa kazi wa mkwe wangu, amelala kifuani pake. Binti yule hakuwa amefumba jicho tangu bandarini. Jina lake sikuliandika kwenye zamu, ingawa nauli yake nililipa mwenyewe.

Wakati wa kurudi mkwe wangu ndiye aliyepanga zamu. Mimi sikupewa.