Ni Nani Atakayefungua Mlango?

Wiki hii naomba nizungumze nanyi, hasa nyinyi mnaoishi katika nyumba za askari, juu ya betri. Sisemi betri za tochi wala za redio, bali betri kubwa za lithiamu zinazowekwa akiba ya umeme, zile zinazopangwa katika makontena na majumba ili umeme wa jua uliopatikana mchana upate kutumika usiku. Nchi nyingi zinazijenga siku hizi, na mara nyingi zinapojengwa huzuka ubishi katika mabaraza ya miji na wilaya. Chombo ni kipya, lakini ubishi wenyewe ni wa zamani: kitu chenye faida kwa taifa zima kikae karibu na nyumba ya nani, na kwa masharti ya nani?

Jambo hili linanihusu kwa njia mbili. Kwanza, mimi ni karani wa baraza la mji mdogo hapa Uganda, na kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na waheshimiwa madiwani. (Nilisomea ualimu, na hata leo nikiona sentensi iliyopinda katika kumbukumbu za mkutano, mkono huniwasha kwa kuitafuta kalamu nyekundu.) Pili, mume wangu ni askari wa zimamoto. Mnajua kwamba nchini mwetu wazima moto ni polisi. Basi kanuni ya moto inapopitishwa, au inapokataliwa, atakayeipokea kwa mwili wake ni mtu wa nyumbani mwetu.

Mwaka huu mfanyabiashara mmoja alileta ombi la kufungua nyumba ya kuchajia betri za pikipiki za umeme. Dereva wa bodaboda huiacha pale betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa, akaenda zake. Ni biashara njema, tena vijana wanaipenda kwa sababu petroli imekuwa ghali. Lakini nyumba aliyoichagua imeungana kwa ukuta mmoja na safu ya mwisho ya nyumba za polisi. Diwani mmoja alisimama akasema kwamba hata simu ina betri ya lithiamu, nasi tunalala nayo chini ya mto. Hofu ya nini? Mwingine akajibu kwamba hilo ni bomu, lipelekwe porini. Alasiri nzima ikaisha hivyo, porini na chini ya mto, pasiwe na mtu aliyeuliza betri ikishika moto huwaje.

Huwa hivi. Betri kubwa ni mkusanyiko wa betri ndogo nyingi ziitwazo seli. Seli moja ikiharibika, ama kwa kugongwa, ama kwa kuchajiwa kupita kiasi, ama kwa kasoro ya kiwandani, hupata joto, na joto hilo huzaa joto jingine ndani yake lenyewe. Hapo hutoa gesi, hidrojeni na kaboni monoksidi zikiwamo, ambazo huwaka, na baadhi yake ni sumu. Kisha huiunguza seli ya jirani, na ile ya jirani huiunguza ya tatu. Maji hupoza, lakini seli zimo ndani ya masanduku na maji hayazifikii kwa urahisi. Moto waweza kuonekana umekwisha, ukarudi kesho au juma lijalo. Mama aliyewahi kumwaga jivu la makaa jalalani jioni akakuta asubuhi linafuka moshi ataelewa upesi kuliko mhandisi.

Hatari kubwa kwa askari si miali ya moto. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wa Surprise, jimbo la Arizona, Marekani, betri zilizokuwa katika jengo dogo la kampuni ya umeme zilianza kuungua. Mtambo wa kuzimia moto ulijifungua wenyewe kama ulivyotakiwa, lakini seli ziliendelea kupikana gizani na gesi ikajaa ndani, kwa kuwa jengo halikuwa na njia ya kuitoa. Wazima moto walifika, wakapima, wakangoja kwa saa kadhaa, halafu wakaufungua mlango. Kilichofuata ni mlipuko. Wanne kati yao waliumia vibaya. Mmoja alirushwa zaidi ya mita 20. Hawakuwa watu wazembe hata kidogo. Ila hapakuwa na chombo cha kuwaonyesha, wakiwa nje, ndani mna gesi kiasi gani, wala mpango wa dharura haukuwaeleza namna ya kuingia.

Nilipomsimulia mume wangu habari hii alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Mama watoto, sisi hatufundishwi kuogopa moto. Tunafundishwa kuogopa mlango. Sasa, afande akisema fungua, nani atakataa?"

Kisha kuna Moss Landing, kijiji cha wavuvi katika ghuba ya Monterey, California. Pana kituo cha zamani cha kuzalisha umeme, na ndani ya ukumbi wake wa mitambo ya zamani zilipangwa betri za megawati 300, zikaanza kazi mwishoni mwa mwaka 2020. Dalili zilikuwapo mapema. Septemba 2021, na tena Februari 2022, maji ya mfumo wa kuzimia moto yalivuja juu ya betri na kuziharibu. Alasiri ya tarehe 16 Januari 2025 ukumbi ule ukashika moto. Watu wapatao 1,200 waliambiwa waondoke makwao, barabara kuu ya pwani ikafungwa, na wazima moto wakauacha uungue wenyewe, maana hapakuwa na la busara zaidi. Hakuna aliyekufa. Lakini moto uliwaka tena tarehe 18 Februari, na kazi ya kuzitoa betri zilizosalia ilibidi isimamiwe na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani.

Baada ya moshi kutulia, wataalamu wa chuo kikuu cha San José waliokuwa wakiuchunguza udongo wa kinamasi kilicho jirani kwa miaka mingi waliupima tena. Walikuta nikeli, manganizi na kobalti zimezidi sana juu ya udongo. Hapo nilisita kidogo kusoma. Kobalti hiyo, sehemu kubwa ya dunia huipata Kongo, katika migodi ya Lualaba na Katanga, kwa wenzetu wanaosema Kiswahili kama sisi. Yamkini vumbi lililotoka Kolwezi ndilo lililotua juu ya majani ya California. Vumbi hilo huwakuta watu wadogo mara mbili, linapochimbwa na linapoungua.

Walakini jambo lililonivuta kama karani ni ugomvi uliofuata. Watu wa kaunti ya Monterey walijaa katika vikao wakitaka kujua kwa nini mtambo kama ule ulipewa ruhusa kukaa pale, na nani alipaswa kuukagua. Tangu mwaka 2022 sheria ya jimbo inamruhusu mwenye mradi mkubwa wa kuweka akiba ya umeme kuupeleka moja kwa moja kwa Tume ya Nishati ya California badala ya kuomba ruhusa ya serikali ya mtaa. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na sababu zao: jimbo linataka kuacha mafuta na gesi, na kila mji ukisema "si kwangu," kazi haitaisha. Nao wenyeji wana yao. Katika mji wa Morro Bay, Novemba 2024, yaani kabla ya moto wa Moss Landing, wapiga kura walikwisha pitisha sharti la kuzuia matumizi ya uwanja wa kituo cha zamani yasibadilishwe bila ya kura yao, na kilichokuwa kimekusudiwa pale ni betri. Mwaka 2023 jimbo liliamuru kila mtambo wa namna hii uwe na mpango wa dharura uliotengenezwa pamoja na wenye kazi ya uokoaji wa mahali pale. Hiyo ndiyo sehemu iliyo karibu na moyo wangu. Kura inaweza kuchagua mahali, lakini haimfundishi askari upepo utavuma wapi.

Isidhaniwe kwamba nazipinga betri. Tumelala kambini na jenereta inayonguruma na madebe ya petroli chini ya ngazi, na hakuna diwani aliyepiga kelele. Tena betri nazo hazifanani. Karibu na Geelong, Australia, tarehe 30 Julai 2021, moto ulizuka katika uwanja wenye makontena 212 ya betri. Uliwaka kwa siku kadhaa, lakini yaliyoungua ni mawili tu. Yalikuwa nje, kila moja peke yake, upepo ukipita kati yake. Ukumbi wa Moss Landing ulikuwa ni chungu kimoja chenye kifuniko. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 855, iliyotoka kwa mara ya kwanza katika toleo la mwaka 2020, inahimiza mambo hayo hayo: nafasi ya futi 3 kati ya kundi na kundi la betri isipokuwa majaribio ya moto yaonyeshe vingine, kinga dhidi ya mlipuko, na mpango wa dharura. Futi 3 ni hatua moja ya mtu mzima. Hatua moja tu, ila lazima ipatikane.

Karani hana sauti barazani. Hata hivyo ana ruhusa ya kumkumbusha mwenyekiti kwamba wataalamu waweza kuitwa, nami nikamkumbusha. Afisa wa zimamoto wa wilaya akaja na karatasi moja, akachora nyumba, ukuta na safu ya nyumba za askari, akauliza swali moja: "Waheshimiwa, usiku wa manane, nani atanipa ufunguo, na nani ataniambia mna betri ngapi?" Mfanyabiashara mwenyewe, ambaye si mtu mbaya, alikuwa wa kwanza kukubali kwamba ukuta wa pamoja haufai. Amepata kiwanja kingine kando ya barabara.

Rasimu ya sheria ndogo ikaandikwa. Inataka nyumba ya betri isiungane na nyumba ya kulala. Zimamoto wapewe ramani na idadi kabla ya kufunguliwa, na langoni pawe na kibao cha aina ya betri na nambari ya simu inayoitikiwa usiku. Betri iliyoanguka au kuvimba iwekwe nje mbali na nyingine, wala isirudishwe rafuni "kwa muda," kama tunavyopenda kusema. Hayo yalipita bila tabu. Kifungu cha kipima gesi chenye taa inayoonekana kutoka nje, ile ambayo ingalikuwapo Arizona ingaliwaambia wale wanne wasiuguse mlango, kilikataliwa kwa tofauti ya kura mbili. Sababu iliyotolewa ni gharama. Nimeiandika kama ilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Jioni ile mume wangu aliniuliza baraza limekwendaje, nikampa nakala. Aliisoma mpaka mahali hapo, akaikunja, akaenda kupiga pasi sare yake.

Sheria ndogo ya mji haina nguvu mpaka ithibitishwe na baraza la wilaya, hivyo rasimu ingali mikononi mwetu kwa kikao kimoja zaidi. Diwani mmoja ametoa taarifa ya kukirudisha kile kifungu, nami nimekwisha ipiga chapa na kuibandika ubaoni. Kikao ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Vikao vya baraza ni vya wazi kwa raia, ingawa mabenchi ya nyuma huwa matupu. Akina mama wa safu ya mwisho wameniuliza kama wanaweza kuja na watoto wao wachanga, nikawajibu kwamba sijaona kanuni inayokataza.