Kuuza kwa Lumbesa, Kununua kwa Kipimo

Anayetaka kuuelewa umaskini wa Uporoto asianzie kwenye nyumba za watu. Aanzie barabarani, msimu wa viazi, pale lori linapopakiwa. Gunia limejaa hadi mdomoni, lakini kazi haijaisha. Mpakiaji anashonea wavu juu yake, anapanga viazi tena, anavuta kamba, mpaka gunia linaota mabega na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wameipigia kelele lumbesa miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo gunia la namna hiyo hufika kilo 130, wakati mwingine 150, na bei inabaki ya gunia moja. Mkulima mwenye magunia 20 anakuwa ametoa kati ya kilo 600 na 1,000 bila senti, kisha anashukuru kwamba mnunuzi amefika.

Mama yangu ni wa huko Uporoto, mkoani Mbeya, baba ni wa Mufindi, mkoani Iringa, nami nimekula viazi vya upande mmoja na kusomeshwa kwa mbao za upande wa pili. Kwa hiyo nimesikia tangu utoto ile hukumu ambayo watu wa mjini hutupatia kwa urahisi: Nyanda za Juu Kusini kuna mvua, kuna udongo, kuna kila kitu, sasa nyinyi mnakuwaje maskini? Jibu lao huwa wanalo tayari, nalo ni uvivu na ulanzi. Sitaukana ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msimu wa mvua, mianzi ikianza kutoa, zipo nyumba Iringa ambamo baba huonekana akitoka asubuhi na kurudi akiimba. Lakini mwenye kudai kwamba watu hawa hawafanyi kazi hajawahi kuamka nao. Kazi huku haijawahi kuwa haba. Kilichokosekana siku zote ni nguvu ya kusema, hapa gunia limejaa, usiongeze.

Na lumbesa haitokani na roho mbaya ya mnunuzi peke yake. Nimewahi kukaa na dereva mmoja pale Isongole akanipigia hesabu yake. Ushuru wa halmashauri hutozwa kwa gunia. Nauli ya mzigo kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800, kwa gunia. Kupakia na kushusha, kwa gunia. Kila anayelipwa njiani anahesabu idadi ya magunia, hakuna anayeuliza uzito, kwa hiyo mfanyabiashara mwenye akili hupunguza idadi na kuongeza uzito. Mpagazi huumia mgongo, mkulima huumia mfuko, halmashauri nayo hukosa ushuru wake. Unafuu wote unaishia kwa yule mmoja aliyeshika sindano ya kushonea. Tangu siku ile nimepunguza kuwaita walanguzi watu wabaya. Nawaona ni watu walioukuta mlango wazi, na mlango huo haukufunguliwa na wao.

Mufindi hatuna lumbesa ya magunia sana, tunayo ya miti. Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na vijiji vinavyolizunguka vilijifunza zamani kupanda mipaina yao wenyewe. Mti wa paina unataka miaka kama 18 au zaidi ndipo utoe mbao ya maana. Baba yangu mdogo alipanda ekari zake akisema ndiyo pensheni yake, maana hakuna aliyewahi kumwajiri. Miti ikiwa na miaka tisa, mtoto wake akachaguliwa kwenda sekondari. Hiyo ilikuwa kabla ya elimu bila malipo ya mwaka 2016: ada, godoro, sanduku, michango isiyoisha. Mnunuzi alikuja Januari. Wanajua kuja Januari. Akatembea ndani ya shamba mikono nyuma, hakupima mti hata mmoja, akataja bei ya shamba zima kwa kukadiria kwa macho. Baba mdogo alijua kwamba miaka mingine kumi ingempa mara nyingi zaidi ya pale. Alijua vizuri kuliko mnunuzi. Ila ujuzi haulipi ada, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Huwa nasikia semina za ujasiriamali zikiwafundisha watu kama yeye kuwa na subira na mtazamo wa mbali. Mtu aliyepanda mti akiwa na nywele nyeusi, akitegemea kuukata akiwa na mvi, ndiye anayefundishwa subira! Subira anayo. Alichokosa ni pesa ya kuipitisha hiyo subira kwenye mwezi mmoja mgumu.

Wenye pesa ya kungoja ndio waliofaidi mipaina ya Iringa na Njombe. Wapo watumishi wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kushika jembe huku, wamenunua mashamba kwa simu, na vibarua wamewalimia, wamewapandia, wamewalindia moto. Siwaonei kijicho, nasema tu kwamba paina halimjui aliyelipanda. Linamlipa aliyekuwepo siku ya kukata.

Lumbesa nyingine hushonwa juu ya siku ya mtu. Ukitaja Iringa kwa watu wa Dar, wa kwanza watakayemkumbuka ni dada wa kazi. Ni jambo la aibu kwetu, na viongozi wa mkoa wamelikemea mara nyingi, wakiwasihi wazazi wawaache mabinti wasome. Msichana anaondoka kijijini na mtu anayeitwa shangazi ambaye si shangazi, anapanda basi, na siku yake inaanza kujazwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Ameosha vyombo, amefua, amempeleka mtoto shule, amepika, siku imejaa. Lakini halijaisha gunia: wageni wamekuja usiku, bosi anataka maji ya kuoga, mtoto analia. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimpa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi, na ya 2022 ikakipandisha kuwa 60,000. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 uliuweka mstari wa umaskini kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ni kweli binti huyu anakula na kulala kwa bosi, kwa hiyo hesabu hizi mbili haziendi sambamba moja kwa moja. Lakini ukizitazama pamoja unaelewa kwa nini miaka mitano ya kazi ya mchana na usiku humrudisha mtu kijijini na begi lilelile, pengine na mtoto juu.

Jambo hili si la jana. Wazee wa Ubena na Uhehe walikwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro ili wapate kodi ya Mwingereza. Wanyakyusa wa Rungwe walifuata migodi, Copperbelt kule Zambia ya leo na Afrika Kusini kupitia Wenela, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi. Mpaka sasa ukikaa na bibi mwenye umri Tukuyu atakutajia mwanamume wa ukoo aliyekwenda Wenela asirudi. Nyanda hizi ziligeuzwa kisima cha kuchota watu, na ndoo imebadilika tu rangi.

Kuna takwimu moja ambayo nikiisoma hunipotezea hamu ya kula. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 uliona kwamba kitaifa watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni 57. Njombe ni 50. Hii ndiyo mikoa ambayo malori yake hayakatiki barabara ya TANZAM usiku kucha, mahindi, viazi, maharage, nyanya za Ilula. Wataalamu wana maelezo mengi, na mimi si mtaalamu. Naongeza tu nilichokiona kwa mama wa Mufindi wakati wa palizi. Anatoka alfajiri kwenda kibarua ili apate pesa ya chumvi na sabuni, akirudi jioni analima la kwake. Mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji mweupe. Mayai yapo, lakini yanauzwa. Maziwa yapo, yanauzwa. Gunia la mama nalo limeshonewa wavu, na kilichomwagika ni cha mtoto.

Sasa geuza upande. Huyu aliyeuza kwa lumbesa, mwangalie akienda dukani. Mafuta ya kula ananunua kwa kipimo, kile kikopo kidogo kinachotumbukizwa kwenye dumu. Sukari robo, iliyofungwa kwenye kimfuko. Sabuni kipande. Ukijumlisha vile vipimo mpaka vifike lita, utaona amelipa zaidi kuliko mwalimu aliyebeba dumu zima, naye ndiye mwenye kidogo. Agosti 8, 2022, kwenye Nanenane hapa Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashuka hadi shilingi 70,000. Lilikuwa jambo kubwa, nimeona mahindi yalivyobadilika rangi. Lakini lilimfaa kwanza aliyeweza kutoa 70,000 mara moja. Asiyeweza aliendelea kupimiwa kilo mbili kilo tatu kwa bei ya duka la kijijini.

Hata pesa yenyewe anapimiwa. Mikopo ile inayoitwa kausha damu ni kipimo cha pesa: kidogo, haraka, marejesho kila siku au kila wiki, na jirani wakichungulia siku wanapokuja kuchukua televisheni. Kijana wa bodaboda wa Mwanjelwa analipa hesabu kila jioni kwa pikipiki ambayo mwisho wa mkataba itakuwa imemgharimu karibu mbili. Si mjinga, hesabu hizo anazo kichwani. Anayekosa bei ya jumla hununua kwa rejareja, iwe ni mafuta au ni pikipiki.

Wakinga wa Makete wameligundua hili mapema kuliko wengine, na nawastahi kwa hilo ingawa hadithi zao zinatiwa chumvi. Mkinga anayeanza biashara Mbeya au Makambako analala stoo, anakula kwa zamu, anamngoja kaka yake naye afike, kisha wananunua shehena pamoja. Watu wanasema ni uchawi. Mimi naona ni ndugu watatu waliokataa kununua kwa kipimo.

Na kuna Kyela. Kwa miaka mingi kakao ya Kyela na Busokelo iliuzwa kwa njemke: mnunuzi anachukua mbegu mbichi, zinazotiririka maji, au hata kakao ikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu mwenye shamba ana mgonjwa au ana msiba. Serikali ilipoleta stakabadhi ghalani na minada, watu walilalamika sana, nami nilikuwa upande wao. Pesa ilichelewa, na mwenye mgonjwa hawezi kungoja mnada. Lakini mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani, aliyekuwa amepeleka mzigo mkavu ghalani, umepimwa, bei imetangazwa mbele za watu, alishika pesa ambayo baba yake hakuwahi kuiota. Aliyeuza kwa njemke aliisikia bei hiyo redioni. Sijasahau malalamiko yale ya mwanzo, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mizani inamfaa mtu aliyekwisha kula leo.

Ndiyo maana nakifuatilia kikundi cha mama mkubwa wangu kule Uporoto kwa karibu kuliko ninavyofuatilia bajeti ya serikali. Walianza na VICOBA ya kawaida: hisa kila wiki, mfuko wa jamii, kuvunja kikundi Desemba ili watu wanunue mbegu na sare. Kisha mmoja akauliza kwa nini wasinunue mizani. Wakanunua. Wakaweka na fedha kidogo pembeni, ya kumkopesha mwenye shida wakati viazi vyake vinangoja bei, na hilo naliona kuwa lenye akili kuliko mizani yenyewe.

Msimu wa kwanza wanunuzi walifika, wakaiona mizani, wakawasalimu vizuri tu, wakageuza lori. Kijiji cha pili hakina mizani. Nilipompigia simu mama mkubwa, nikamwamkia, nikamuuliza mmefanyaje, hakuonekana kushtuka.

"Marahaba, mwanangu. Viazi havingoji mkutano. Nusu tumewapa kwa lumbesa yao, nusu tumempata mtu wa hoteli za hapo mjini, anachukua kwa kilo."

"Na mwakani?"

"Tumeshatuma watu wawili kijiji cha pili. Mwenyekiti wao ni mkwe wetu. Anasema watakubali kama na cha tatu kitakubali, na hicho cha tatu wanataka kwanza tuwaeleze ushuru utalipwaje. Wewe uliyesoma, hebu ulizia halmashauri, kwa nini wasitoze kwa kilo?"

Nimeulizia. Ofisa niliyemkuta alinijibu kwa upole kwamba gunia ni rahisi kuhesabu kwenye geti. Nimemwandikia mama mkubwa jibu hilo, naye amesema atakuja mwenyewe, na hatakuja peke yake.