Bastola Ndogo ya Mzee Jirani



Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza kama "bunduki" na "bastola" ni kitu kimoja. Nilimjibu kwa ufupi kwamba bunduki ni jina la jumla, na aghalabu humaanisha silaha ndefu inayoegemezwa begani, ilhali bastola hushikwa mkononi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikuniridhisha. Nilipofika nyumbani nilimkumbuka mzee mmoja wa Marekani aliyenifundisha, pasipo kukusudia, jambo kuhusu silaha, sheria na uraia ambalo sikulipata katika kitabu chochote.

Nianze na hofu yangu. Nilizaliwa Luweero, nchini Uganda. Kiswahili cha kwanza kuingia masikioni mwangu hakikuwa cha mashairi wala cha hadithi za sungura na fisi. Kilikuwa cha amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vilipokuwa vimepamba moto kwetu, askari wa vizuizini walisema nasi kwa Kiswahili, na kila neno lao lilitanguliwa na mtutu. Watu wa Kampala wa rika langu hawajasahau maneno mawili, "panda gari", ambayo yaligeuka kuwa jina la misako yenyewe: raia walizingirwa, wakapandishwa malori, na si wote waliorudi. Miaka mingi baadaye mama yangu alipopata habari kwamba nimechagua kusomea Kiswahili, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unataka kumwamuru nani?" Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini marekebisho ya sheria hayafuti kumbukumbu.

Basi wazieni mtu wa malezi hayo akienda kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja huko Athens, mji mdogo wa vilima na misitu kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa fundi wa umeme mstaafu, mwenye umri wa miaka 74, mtu wa maneno machache. Alilipenda neno "Mwalimu" tangu siku ya kwanza, na hakuniita kwa jina jingine. Mimi nilimwita "Mzee", naye akalipokea jina hilo kwa fahari baada ya kumweleza kwamba kwetu ni heshima.

Mzee alikuwa mwindaji wa kindi. Katika misitu ile kindi ni wengi, nyama yao hupikwa mchuzi mzito, na jimbo huruhusu kuwawinda kuanzia tarehe 1 Septemba hadi mwisho wa Januari, wasiozidi sita kwa siku, kwa mwenye leseni. Kwa miaka mingi alikuwa akitembea msituni na bastola kubwa ya chuma kiunoni. Sasa baridi yabisi ilikuwa imeviuma vidole vyake hata kufungua chupa kukawa kazi. Siku moja ya Septemba aliniambia, "Mwalimu, nisindikize dukani. Nataka kununua ndogo, na ninahitaji macho ya mtu asiyependa bunduki. Wanaozipenda wataniuzia kubwa."

Sikuweza kukataa.

Dukani, muuzaji alitandika kitambaa juu ya meza ya kioo. Kila alipoitoa silaha kabatini, kwanza aliifungua na kutuonyesha kwamba haina risasi. Na kila Mzee alipoipokea, aliikagua tena mwenyewe, ingawa alikuwa ameshuhudia ikikaguliwa. Nilimwuliza kwa nini arudie. Akajibu kwamba kila silaha huhesabiwa kuwa ina risasi mpaka mkono wako wewe uthibitishe vinginevyo, na hata baada ya hapo huielekezi kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kisha muuzaji akanyoosha mkono kunipa nami niishike. Nikarudi nyuma hatua moja.

Haikuwa hofu peke yake. Nilikuwa nimesoma kwamba sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kuwa na silaha ya moto, isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mimi sikuwa na leseni. Wengi huku kwetu hudhani kwamba Marekani kila mtu hununua bunduki kama anunuavyo mkate. Ni kweli kwamba Katiba yao, katika rekebisho la pili lililothibitishwa mwaka 1791, inalinda haki ya kumiliki silaha, jambo ambalo Katiba ya Uganda haina. Kwetu, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 humtaka raia aombe kibali kwanza. Hata hivyo, haki yao nayo ina mipaka. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumwuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Mnunuzi hujaza fomu na kuithibitisha kwa saini, na jina lake huulizwa katika mfumo wa ukaguzi ulioanza kutumika mwaka 1998. Mzee naye alijaza, pamoja na mvi zake zote.

Sasa tuje kwenye kuchagua kwenyewe.

Swali la kwanza la muuzaji halikuwa la bei. Lilikuwa, "Ya kazi gani?" Mzee alijibu: kindi wa kula, sungura mara mojamoja, na matembezi ya msituni. Nilimkumbusha nyoka, kwa maana misitu ile ina nyoka wenye sumu. Akatabasamu. "Dawa ya nyoka, Mwalimu, ni kurudi nyuma hatua mbili."

Aina aliyoitaka ni ile iitwayo rivolva: bastola yenye silinda inayozunguka, kila tundu likibeba risasi yake. Samuel Colt alipata hataza ya bastola ya namna hiyo nchini Marekani mwaka 1836, na umbo lake la msingi halijabadilika sana. Hapo lugha yetu ilinijia kwa msaada. Tunalo neno "kasiba" kwa mwanzi wa bunduki, "mtambo" kwa kile kigongeo kinachopandishwa nyuma, na "fataki" kwa kile kinachowaka kwanza ili baruti ishike moto. Wahenga wetu wa pwani walizijua silaha hizi, wakazipa majina, kabla shule hazijajengwa.

Kisha kuna suala la kipenyo cha risasi, na hapa tahadharini, kwa kuwa namba hudanganya kama maneno yanayofanana. Risasi iitwayo .22 ina jina linalotokana na inchi: ni sehemu 22 za mia ya inchi, yaani takriban milimita 5.6. Lakini ile iitwayo .38 Special, iliyobuniwa mwaka 1898, haina upana wa sehemu 38. Upana wake halisi ni karibu 36. Ndiyo sababu bastola ya .357 Magnum hupokea pia risasi za .38 Special, ilhali kinyume chake ni hatari. Vilevile .22 Long Rifle, iliyoanza katika miaka ya 1880, na .22 Magnum, iliyotolewa mwaka 1959, si ndugu wa kubadilishana nguo: ya pili ni nene na ndefu zaidi, na kila moja yahitaji silinda yake.

Mzee aliyapima yote hayo kwa sauti, nami nikisikiliza. Risasi ya .38 huwa na uzito wa gramu kumi hivi. Humwangusha kindi, lakini huharibu nyama, na huupiga mkono wenye baridi yabisi. Ile ya .22 Magnum ina kasi zaidi, lakini katika kasiba fupi sehemu ya faida hiyo hupotea na kubaki kelele na mwako. Ile ya .22 Long Rifle ina uzito wa gramu mbili na nusu tu, ni rahisi kwa bei, haisukumi mkono, na kwa kichwa cha kindi inatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda, nayo mara chache hukataa kuwaka. Katika rivolva hilo si msiba wakati wa kuwinda: unaielekeza silaha mahali salama, unangoja, kisha silinda inaleta tundu jingine.

Ikabaki bastola yenyewe. Muuzaji aliisifu sana moja ya aluminiamu, yenye uzito wa gramu 350 hivi, ambayo ukiitia mfukoni waweza kuisahau. Mzee aliishika, akalenga ukuta mtupu, akaniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia ukweli: niliona ncha yake ikitikisika kama jani. Ndipo akanieleza. Ukingo wa ganda la .22 huhitaji kugongwa kwa nguvu, kwa hiyo bastola nyingi za namna hii huwa na kifyatulio kigumu. Na silaha nyepesi ikivutwa kwa nguvu hupepesuka. Ilimfaa ya chuma, yenye uzito wa gramu 800 hivi, kasiba ya inchi nne, matundu manane, na mtambo unaoweza kupandishwa kwa kidole gumba ili kifyatulio kibaki chepesi. Kasiba ya inchi mbili ingefichika vizuri, lakini vilengeo vyake hukaribiana mno, na kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa mbele. Kila chombo kwa wimbile. Akanunua hiyo ya chuma, pamoja na ala ya ngozi na viziba masikio, kwani hata .22 hutoa mlio unaoweza kudhuru usikivu.

Siku ya pili alitundika karatasi mbele ya tuta la udongo, akiwa amechora duara lenye upana wa kichwa cha kindi. Kwa hatua 20, risasi tatu kati ya tano zilitoka nje. Kwa hatua 15, mbili. Kwa hatua kumi, zote tano zikaingia, akarudia mara tatu, zikaingia tena. Akaandika katika daftari lake: "Hatua kumi." Nilimwuliza maana yake. "Huo ndio mpaka wangu," akasema. "Mnyama akiwa hatua kumi na moja, si wangu."

Jumamosi tulikwenda msituni, yeye na bastola yake, mimi na chupa ya chai. Asubuhi nzima nilimwona akiinua mkono na kuushusha. Kindi wa kwanza alikuwa juu ya tawi, karibu kabisa, akitafuna. Nilijua kwamba Mzee angeweza kumpata. Hakufyatua. Alinionyesha kwa kidevu: nyuma ya kindi hapakuwa na kitu ila anga, na ng'ambo ya kilima kulikuwa na moshi wa jiko la watu. Masanduku ya risasi hizo ndogo huandikwa onyo kwamba zaweza kufika maili moja na nusu, zaidi ya kilomita mbili. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Wa pili alikuwa mbali. Wa tatu vivyo hivyo. Wa nne alishuka hadi shinani mwa mti mnene, hatua nane kutoka kwetu. Mlio ulikuwa mmoja tu. Tulirudi na kindi mmoja, na mkewe akampika.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimeishi miaka 40 nikiamini kwamba mtu mwenye bunduki ni mtu asiye na mpaka, kwa maana wale wa vizuizini hawakuwa nao. Kumbe niliyemfuata siku nzima alikuwa na mpaka aliojiwekea mwenyewe, akauandika, akautii mahali ambapo hapakuwa na polisi wa kumwona. Sikuipenda bastola baada ya hapo, na hadi leo siitaki nyumbani mwangu. Lakini nilielewa kwamba kitu nilichokiogopa utotoni kilikuwa kikubwa kuliko chuma: ni mtu mwenye nguvu asiyewajibika kwa yeyote, wala kwa nafsi yake.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimekwisha kurudi Uganda. Mkewe aliniandikia barua. Alisema kwamba Mzee alijipima tena mwanzo wa msimu, akapata hatua tano. Hakusema neno. Aliisafisha bastola, akaipeleka dukani kuiuza, akarudi na kupanda mti wa tufaha nyuma ya nyumba. "Anasalimu," barua ilimalizia, "na anasema umwambie mama yako kwamba anajiamuru mwenyewe." Nilikuwa nimemsimulia swali la mama, naye hakulisahau.

Nilimsomea mama barua ile kwa Kiganda. Sentensi ya mwisho niliisoma kwa Kiswahili, naye akaniomba niirudie.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Ni mipaka gani ya haki ya kumiliki silaha iliyotajwa katika insha hii? Ipi imewekwa na sheria, na ipi imewekwa na mtu mwenyewe?
2. Kwa nini Mzee hakumpiga kindi wa kwanza? Eleza kwa sentensi tatu.
3. Tunga sentensi kwa kutumia maneno haya: kasiba, mtambo, fataki, ala, kifyatulio.