Nilichokiona Bila Kukitafuta

Wengi walioletwa kwangu Kitale waliishi kwa mikono yao: wakamuaji, wapukuchuaji wa mahindi, mafundi cherehani. Walilalamikia ganzi vidoleni, usiku haulaliki. Nilipaka jeli, nikapima kwa ultrasaundi neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono. Ikizidi takriban milimita mraba 10, huenda imebanwa.

Nikiifuata njia ya neva hadi shingoni, tezi ya thairoidi iko jirani. Mama mmoja kutoka Kimilili alikuja kwa ajili ya ganzi; kwenye tezi nikaona kivimbe kama harage. Mkono wangu ulisimama, naye akaona.

“Daktari, kuna nini?”

Wapo wanaoshikilia kwamba mpiga picha za ultrasaundi anyamaze, ripoti iseme. Sikubaliani nao. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kujua hali yake, na kimya chetu humtisha kuliko maneno. Nilimjibu: “Mama, mkono una tatizo linalotibika. Shingoni kuna kivimbe ambacho sikukitafuta. Vingi vya namna hii si saratani, lakini kichunguzwe.” Nikaandika ukubwa wake, sura yake na hatua inayofuata.

Si kila kinachoonekana ni cha kumpeleka mtu hospitali Eldoret na kummalizia nauli. Neva ya mediani iliyogawanyika sehemu mbili ni maumbile tu. Huandikwa ili daktari wa upasuaji aijue kabla ya kushika kisu.

Kuna kingine kisichongoja ripoti. Mzee kutoka Turkana alitumwa apimwe misuli ya paja, mguu ukiwa umedhoofika. Ndani ya msuli nikakuta kifuko cha maji, na ndani yake vifuko vidogo vimejipanga. Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani na hidatidi, ugonjwa wa tegu wa mbwa; miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF lilizunguka huko na mashine za ultrasaundi kuusaka. Kifuko hicho kikitobolewa ovyo, maji yake yanaweza kuua kwa mzio wa ghafla. Mzee akiwa bado kitandani, nilimpigia simu daktari aliyemtuma: usitie sindano. Kisha nikamweleza mzee mwenyewe, mwanawe akitafsiri, kwamba kuna dawa na upasuaji.

Nawe ukipigwa picha, usiinuke kabla hujauliza: mbali na ulichotumwa kutafuta, umeona nini kingine, na nikipeleke wapi?