Toka Majengo Mpaka Boma la Wadachi

Ukipata siku moja ya nafasi, amka alfajiri, toka Majengo ushike njia ya Matai uende Kasanga. Njia inashuka, inashuka, mpaka baridi ya Ufipa inabaki nyuma na joto la Ziwa Tanganyika linakupokea. Nasi tulikwenda na mzee mmoja Mfipa, atuongoze.

Wadachi walijenga boma huko, wakaliita Bismarckburg kwa heshima ya Bismarck, aliyepata kuwa mkuu wa serikali yao. Waingereza wakaliteka mwaka 1916, na leo ni magofu tu. Mzee wetu hakukawia hapo.

Wakati wa kurudi, huku juu uwandani, akatushusha shambani kwa mtu. Kumbe ni lungu! Ndilo tanuri la kuyeyushia chuma, la udongo wa kichuguu, refu kumpita mtu. Wazee walijaza makaa na mawe ya chuma, na upepo ukajiingiza wenyewe matunduni chini, bila mivukuto. Mivukuto ilikuwa ya tanuri dogo, la kusafishia chuma kabla ya kufua majembe. Majembe ya dukani ndiyo yaliyouzima moto huo.

Upande mmoja ulikwisha bomolewa. Mwenye shamba, kijana, alitaka kupanda mahindi.

“Mwanangu, liache,” mzee akasema.

“Mzee wangu, watoto watakula udongo?”

Mzee akahesabu hatua tano kulizunguka. “Nipe hizi tu.”

Kijana akajibu kwamba watazungumza baada ya mavuno.